Maranda, matawi na maji ya Makutupora

Sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa Dodoma inatoka Makutupora, kaskazini mwa jiji. Ni maji ya chini ya ardhi, na mji umekuwa ukiyavuta tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London, wakiwa na wenzao wa Tanzania, walichapisha kumbukumbu za kina cha maji ya Makutupora kwa muda wa miaka 55. Kilichoonekana humo ni kwamba maji hushuka mwaka hadi mwaka, kidogo kidogo, mpaka uje msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida. Hapo yanapanda ghafla, kisha safari ya kushuka inaanza tena. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizoyapandisha kuliko zote. Mvua ya kawaida, ile tunayoishukuru kila Januari kwa kutuoteshea uwele na mtama, huko chini inafika kwa uchache sana.

Tangu niyajue hayo, sijaweza kulitazama tuta la mchicha kama zamani. Dumu ninalolimimina asubuhi huenda ni mvua iliyonyesha kabla watoto wangu hawajazaliwa, ikashuka taratibu kwenye mchanga na mawe ya Makutupora, ikakaa huko ikisubiri. Maji ya namna hiyo yanastahili kuingia kwenye mzizi, na ndiyo maana bustani yangu naifunika kwa matandazo, yaani tabaka la vipande vya mbao juu ya udongo. Yakiishia hewani kabla ya saa sita mchana, roho inaniuma.

Na hapa kwetu yanaishia hewani kweli. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Upepo wenyewe tunaujua: unaanza Juni ukiwa na ubaridi wake, unafika Oktoba umeshakuwa wa moto, na kila ukipita unaondoka na unyevu. Jua na upepo huo, kwa mwaka mzima, vina uwezo wa kukausha maji zaidi ya mara tatu ya mvua tunayopata. Kwa siku moja ya kiangazi ni kama milimita 5 au 6. Sasa fanya hesabu hii: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Tuta la mita moja kwa mita nne, likiwa limelowa na halijafunikwa, linaweza kupoteza lita 20 na zaidi kwa siku. Dumu zima! Na kama miche ndiyo kwanza ina majani mawili mawili, haiwezekani kuwa ndiyo iliyolinywa dumu hilo.

Nataka nieleze yanapotelea wapi, kwa sababu nimegundua kwamba mtu akishaelewa njia hii, hahitaji kushawishiwa tena. Udongo uliolowa na kuachwa wazi hupoteza maji, siku ya kwanza na ya pili, kwa kasi inayokaribia ile ya maji yaliyo kwenye beseni juani. Maji ya juu yakiondoka, ya chini hupanda kuchukua nafasi yake kupitia vinjia vyembamba vilivyo kati ya chembe za udongo, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Baadaye ngozi ya juu inakauka kabisa, vinjia vinakatika, na upotevu unapungua wenyewe. Shida ni kwamba hapo ndipo mwenye bustani anauona udongo umekuwa mweupe, anaingiwa na huruma, anachukua ndoo na kumwagilia kidogo. Ngozi inalowa, vinjia vinaungana, kasi ya siku ya kwanza inarudi. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kwenye udongo ulio uchi ndiyo njia ya hakika ya kulipa bili ya maji huku mboga ikibaki na kiu.

Matandazo yanaingia hapo. Ukitandika vipande vya mbao juu ya udongo uliolowa vizuri, umeweka tabaka lisilo na vinjia vile, ambalo maji ya chini hayawezi kulipanda. Jua linapiga mbao na udongo unabaki kivulini. Upepo unapita juu ya mbao, na hewa yenye unyevu iliyo karibu na udongo inatulia mahali pake. Udongo mtupu wa Dodoma saa saba mchana unaweza kupita nyuzi 50 za joto juu kabisa; weka kiganja uone. Mzizi mwembamba wa juu hauwezi kuishi humo, wala mnyoo. Chini ya tabaka la sentimita 7 au 8 za mbao joto hilo halifiki, na mizizi inapanda hadi juu kabisa ya udongo, penye hewa na mbolea.

Kuna na upande wa mvua, ambao watu wengi wanausahau. Mvua zetu hazinyeshi taratibu. Zinakuja kwa kishindo, nusu saa, saa moja, matone makubwa yanayopiga udongo mtupu mpaka chembe zake zinasambaratika na kuziba matundu yote. Jua likirudi, juu kunakuwa na gamba gumu. Mvua ya pili ikija inateleza juu ya gamba hilo na kukimbilia korongoni, imebeba udongo mwekundu. Anayetaka kujua udongo wa mkoa huu unafanya nini ukivuliwa nguo, asome habari za Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na matrekta kulima karanga kwa ukubwa usiowahi kuonekana, wakang'oa vichaka vyote, na jua la kiangazi likaufanya udongo uliokuwa wazi kuwa mgumu kiasi cha kula majembe ya mashine. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifungwa. Ulikuwa na makosa mengi mengine, lakini ugumu wa udongo ule nimeuona kwenye kiwanja changu mwenyewe, na ninaamini bila shaka kwamba udongo wa huku haukuumbwa kukaa uchi.

Kufunika udongo si jambo geni kwetu Tanzania. Ukienda Bukoba utakuta Wahaya wamefunika vibanja vyao vya migomba kwa nyasi zinazokatwa nje, kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi, na wamefanya hivyo vizazi na vizazi. Maafisa ugani wanafundisha matandazo nchi nzima, na wakisema matandazo wana maana ya nyasi kavu, mabua ya mahindi, majani ya migomba. Ushauri huo ni mzuri, ila huku kwetu unakutana na ng'ombe. Dodoma ni nchi ya mifugo. Kufikia Agosti hakuna bua la mahindi lililobaki shambani, na kama lipo, lina mwenyewe na anamsubiri ng'ombe wake. Ukitandika nyasi kavu kwenye bustani isiyo na ua, asubuhi utakuta mbuzi wamekushukuru na kuondoka. Ndiyo maana nilianza kufikiria kitu ambacho ng'ombe hali na mbuzi hali: mbao.

Pembeni ya mtaa wetu kuna karakana ya seremala. Nyuma yake kulikuwa na rundo la maranda lililokaribia kimo changu, na jioni walikuwa wakiliwasha moto ili lipungue. Nilipomuuliza fundi anayapeleka wapi yale maranda, alijibu, "Tunachoma tu, mama. Wafuga kuku wakija wanachukua viroba vyao, yanayobaki tunachoma." Nilikuja na viroba. Siku hizi ananitengea, na nikichelewa ananipigia simu.

Lakini maranda ni aina moja tu, na kwa maoni yangu si aina bora. Inafaa kutofautisha. Pumba za mbao, ule unga unaotoka kwenye msumeno, ni laini mno: zikikaa nene zinashikana, zinakuwa bamba, na maji yakimwagwa juu yanatawanyika pembeni badala ya kushuka. Kama huna kingine, weka nyembamba sana, kama sentimita 2. Maranda, vile vinyweleo vinavyojikunja kutoka kwenye randa, ni bora kuliko pumba, ila ni mepesi na upepo wa Agosti unayahamishia kwa jirani; inabidi uyaloweshe na kuyakandamiza, au uweke vijiti juu yake. Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni vipande vikubwa visivyolingana: vibanzi, magome, vijiti vilivyokatwa urefu wa kidole. Vinaacha nafasi kati yake, maji yanapita, hewa inapita, na upepo haviuogopi. Mtaalamu wa Marekani Linda Chalker-Scott, wa Washington State University, alipitia tafiti nyingi za matandazo na kuandika muhtasari wake mwaka 2007, naye anasisitiza hilohilo: vipande vya miti vilivyo vikubwa na vya mchanganyiko hupitisha maji na kuyahifadhi kuliko vitu laini.

Vipande hivyo navipata kwenye matawi. Mji huu umejaa miarobaini na mijohoro, na yote miwili ni miti inayochipua upya kwa nguvu kila ikikatwa. Kila mwaka kabla ya mvua, matawi yanayogusa nyaya za umeme yanakatwa na kuachwa barabarani. Manene yanachukuliwa na watu kwa ajili ya kuni saa hiyohiyo. Vinabaki vijiti vyembamba na majani, na hivyo ndivyo navitaka. Sina mashine ya kusaga matawi. Nina panga, gogo la kukatia, na kijana wa jirani ninayemlipa Jumamosi. Anakata vijiti vikiwa bado vibichi, kwa sababu vikikauka panga linadunda.

Wembamba wa vijiti hivyo si kasoro. Huko Quebec, Kanada, kuna watu waliofanya kazi hii tangu miaka ya 1970, baadaye Gilles Lemieux wa Chuo Kikuu cha Laval akaiendeleza, na kanuni yao ilikuwa kutumia matawi yasiyozidi sentimita 7 kwa unene. Sababu ni rahisi: virutubisho vya mti vimejaa kwenye gome, vichipukizi na majani, na tawi jembamba lina gome jingi kwa uzito wake kuliko gogo. Kwa hiyo kile kinachodharauliwa na mtafuta kuni ndicho chenye chakula kingi kwa udongo. Nilifurahi sana kulisoma hilo, kwa sababu lilinitoa wasiwasi mmoja mkubwa.

Wasiwasi wenyewe ni huu. Katika mji ambao mama anatembea mbali kutafuta kuni, na gunia la mkaa linazidi kupanda bei, ni haki kweli kuchukua mti na kuutandika chini ya nyanya? Nimelifikiria kwa muda mrefu na jibu langu ni hapana, kama mti huo ungeweza kupika chakula cha mtu. Sikati mti kwa ajili ya matandazo, na sinunui kuni nikazikatakata. Nachukua kile ambacho moto wa jikoni haukitaki: majani, vijiti, maranda yanayochomwa nje bure. Ukikuta karakana ambayo maranda yake yote yanaenda kwenye majiko ya pumba, waachie. Wana matumizi bora kuliko yangu.

Kuna mbao nyingine ambazo sizigusi kabisa. Nguzo za umeme na za uzio zilizotiwa dawa huwa zimeshindiliwa kemikali zenye shaba, kromiamu na aseniki ili zisioze wala kuliwa na mchwa. Hiyo aseniki ni sumu, na unga wake haupaswi kukaribia mboga. Vivyo hivyo mabaki ya mbao za kubandikwa gundi, zile za makabati ya bei nafuu. Kila ninapochukua maranda namuuliza fundi wiki hiyo alikuwa anaranda nini. Akisema msindano au mkaratusi mtupu, nachukua. Akisema mchanganyiko na hajui ulitoka wapi, namshukuru na kurudi nyumbani na kiroba kitupu.

Sasa naitrojeni, ambayo kila bwana shamba ataitaja ukimwambia unaweka mbao bustanini. Hoja yao ina msingi. Mbao zina kaboni nyingi mno kulinganisha na naitrojeni. Kwenye pumba za mbao inaweza kuwa mia kadhaa kwa moja. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni ili vifanye kazi, na vikiikosa kwenye mbao vinaichukua kwenye udongo, mimea inabaki njano. Lakini hilo linatokea pale mbao zinapochanganywa ndani ya udongo. Zikikaa juu, vijidudu vinafanya kazi kwenye ule mpaka mwembamba tu ambapo mbao zimegusana na ardhi, na mzizi ulio chini unaendelea na maisha yake. Kwa hiyo kanuni yangu moja isiyobadilika ni kwamba mbao hazizikwi. Ukitaka kupanda mche, sogeza vipande pembeni, chimba, panda, kisha virudishe.

Na kuna njia ya kwetu ya kumaliza mjadala huo kabisa, nayo ni kuku. Maranda yakitandikwa kwanza kwenye banda la kuku, yakakaa miezi yakikusanya kinyesi, yanatoka yakiwa na naitrojeni yake tayari. Hayo usiyaweke mabichi kwenye mimea, yataunguza. Yarundike kivulini, yaloweshe, yafunike, yaache mpaka harufu yake kali na joto lake viishe. Kisha tandika kidogo chini, na vibanzi vya mwarobaini juu. Kwa mboga za majani sijaona kitu kinachoshinda mpangilio huo.

Tufike kwa mchwa, maana najua msomaji wa Dodoma amekuwa akiwasubiri tangu aya ya kwanza. Mchwa wapo, na watakuja. Ukiweka mbao juu ya udongo wenye unyevu katikati ya kiangazi, umewaandalia karamu. Swali ni nini kinafuata. Nimeona kwa macho yangu kwamba pale penye vijiti vikavu vya kutosha, mchwa wengi wanashughulika na vijiti na kuiacha pilipili hoho iliyo hai. Wakulima wa mahindi wanajua upande wa pili wa jambo hilo: shamba lililofagiliwa likabaki na mimea peke yake, ndilo ambalo mchwa hushambulia mimea, kwa kuwa hakuna kingine cha kula.

Kuna ushahidi mzito zaidi kutoka Burkina Faso. Miaka ya 1990 mtafiti Abdoulaye Mando alichukua ardhi iliyokuwa na gamba gumu, isiyootesha kitu, akaitandika matandazo. Sehemu nyingine aliwaacha mchwa waje, sehemu nyingine akawazuia kwa dawa. Walipokuja mchwa, walitoboa lile gamba kwa vinjia vyao, maji ya mvua yakaingia, na mimea ikarudi. Walipozuiwa, matandazo peke yake hayakufanya kazi kubwa hivyo. Wakulima wa nchi hiyo wanaochimba zai, mashimo madogo ya kupandia, na kuyatia samadi, akiwemo hayati Yacouba Sawadogo aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, walikuwa wakiwaalika mchwa kwa makusudi muda mrefu kabla ya vipimo hivyo. Ukiuona udongo wetu mwekundu ulivyo mgumu Novemba, utaelewa kwa nini namhesabu mchwa kuwa kibarua anayechimba bila jembe.

Hilo halimaanishi kumkaribisha popote. Vipande vya mbao sivisogezi karibu na ukuta wa nyumba. Naacha njia pana ya changarawe katikati, na fremu za milango nazikagua. Miche michanga ya miti, hasa mwembe na mchungwa, naiachia duara tupu kuzunguka shina, upana wa kiganja na zaidi. Duara hilo lina kazi ya pili: shina likizungukwa na unyevu muda wote linaoza shingoni, na mpapai ndio wa kwanza kufa kwa ugonjwa huo.

Watu wa kushawishiwa walikuwa wagumu kuliko mchwa. Sisi ni watu wa kufagia. Uwanja uliofagiliwa alfajiri, wenye mistari ya ufagio, ni heshima ya nyumba, na una sababu zake: nyoka anaonekana, nge anaonekana, mtoto anatambaa salama. Jirani yangu, bibi wa Kigogo ninayemheshimu sana, alipoona nimemwaga viroba vya maranda na vijiti bustanini alikuja hadi kwenye ua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, takataka hizi umezileta za nini?"

Nilimwomba aingie. Nikasogeza vijiti kwa mkono (nilikuwa na glavu, kwa sababu hofu ya nge ni hofu ya kweli, na ninamshauri kila mtu avae), nikamwomba aguse udongo wa chini. Ilikuwa Septemba, na sikuwa nimemwagilia jana yake. Akauchukua, akaufinya, ukashikana kwenye kiganja chake. Hakusema neno kuhusu takataka tena. Akaniuliza kama yale maji ya kuoshea vyombo yanaweza kutumika. Nikamwambia yanaweza, yasiwe na sabuni nyingi wala mafuta, na ayamwage chini ya vijiti, si juu ya majani. Uwanja wake bado anaufagia kila alfajiri, na ana haki. Matembele yake nyuma ya nyumba yamefunikwa.

Hapo nimegusa jambo linalowaangusha wengi: unamwagiliaje udongo uliofunikwa. Ukinyunyiza juu kwa keni kama zamani, vipande vya mbao vinakunywa maji kwanza na udongo unapata kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu. Ndivyo ilivyo hata kwa manyunyu ya mvua. Mvua ya milimita 2 au 3 ikinyesha juu ya tabaka nene, inaishia kwenye mbao. Kwa hiyo kabla ya kutandika, lowesha udongo mpaka chini, hasa. Baada ya hapo mwagilia kwa nadra ila kwa wingi, na maji yaelekeze kwenye udongo: mpira wa matone uliopitishwa chini ya vipande, au mfereji mdogo ulioachwa wazi katikati ya tuta, au chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa na kusimikwa karibu na mzizi. Mimi natumia mfereji, na matuta yangu nimeyazamisha chini ya usawa wa njia badala ya kuyainua, ili maji yakija yasipate pa kukimbilia. Zamani nilimwagilia asubuhi na jioni. Sasa nachovya kidole kwanza, na mara nyingi kidole kinaniambia nisubiri hadi kesho.

Mchicha wa kusia mbegu moja kwa moja hauwezi kuchomoza kwenye vibanzi. Acha uote, ufike kimo cha kidole, kisha ingiza matandazo laini kati ya mistari. Nyanya, hoho, bilinganya, bamia na sukuma wiki vinafunikwa siku ileile ya kupandikiza. Kama unafuga kuku wa kienyeji wakitembea huru, zungushia ua kabla ya kitu kingine chochote, maana chini ya matandazo kuna wadudu na kuku wanajua. Asubuhi moja inawatosha kutawanya kazi yote. Majivu ya moto usiyamwage karibu. Na matandazo yanapungua, yanaliwa, yanaoza, ndiyo kazi yake. Kila yanapofika unene wa vidole viwili naongeza mengine juu.

Faida nyingine ni magugu. Yanapungua sana, na yanayofanikiwa kutokeza yanang'oka kwa vidole viwili kwa sababu udongo umelainika.

Sasa hivi mawazo yangu yako Hombolo, kwa kaka yangu mwenye shamba la zabibu. Mzabibu wa Dodoma unapogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila upogoaji unaacha malundo ya vijiti vyembamba, vya unene uleule wanaousifu watu wa Quebec. Vijiti hivyo vinachomwa, na udongo kati ya mistari unapaliliwa mpaka unang'aa. Nimemwomba avikatekate na kuvirudisha chini ya mizabibu ileile. Ana hofu moja, na ni hofu ya mkulima anayejua kazi yake: ubwiriunga, ule ukungu wa mizabibu, na magonjwa ya shina yanaweza kubaki kwenye vijiti na kurudi kwenye matawi mapya. Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Vijiti vya mizabibu yenye dalili yoyote vitachomwa kama kawaida. Vya mizabibu safi vitakatwa na kurundikwa kwanza mpaka vianze kuoza, kisha vitatandikwa kwenye mistari miwili tu, ile iliyo mwisho wa bomba ambako maji hufika kwa shida. Mistari miwili ya jirani itabaki tupu. Kibarua wa panga ameshapatikana, na upogoaji unaanza mwezi ujao.